Mkono Niliompa Mwenye Magari

Sabra mwanangu,

Mamaako ananiambia u mzima, kwamba umepata chumba kizuri karibu na hospitali, na kwamba Leeds kuna baridi kuliko huku kwetu. Nikimuuliza zaidi ananijibu, "Si umpigie mwenyewe?" Sijakupigia. Kila nikishika simu nakumbuka kuwa ni kwenye simu hii hii watu walikonitumia ile video, naiweka chini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu niliposimama na Kiingereza changu mbele za watu, yalinitoka maneno ambayo mpaka leo natamani yasingekuwa yangu. Najua unasoma polepole. Ukikwama, muulize mamaako. Na naiandika wazi, isomwe na kila anayetufahamu, Harrow na Kenton na kwengineko, kwa sababu nilichokifanya nilikifanya mbele ya macho ya kila mtu. Nikikutaka radhi chini kwa chini nitakuwa nakudhulumu mara ya pili.

Unakumbuka Neasden? Kile chumba cha juu kinachotazama barabara kuu ya North Circular, malori yanapita kutwa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Wewe na pumu yako. Mie na teksi yangu ya dizeli. Asubuhi nikiiwasha pale chini, moshi unapanda moja kwa moja mpaka kwenu, na mamaako anakimbilia kufunga dirisha huku ananisema kwa sauti mpaka majirani wanasikia. Siku moja tumetoka hospitali, umekaa mapajani mwangu na kile kidude chako cha kuvutia dawa umekishika kama mwanasesere, ukaniuliza, "Baba, gari lako linakula nini mpaka linanuka hivi?"

Nikakuambia linakula mafuta.

Ukafikiri. Halafu ukasema, "Lipe kitu chengine."

Nilisimulia hadithi hiyo kwa abiria wangu wote. Sikuisimulia kwa kuchekesha tu. Kila nikifika mwisho wake najiona mtu anayempa mwanawe sumu asubuhi, kisha anakwenda kumtafutia chakula.

Kwa hiyo usidhani nimesahau nani aliyeanza. Ulikuwa sekondari, umerudi skuli na begi mgongoni hata hujavua viatu, ukanikalisha kwenye kochi ukanionyesha yule bwana. Mwingereza wa kaskazini, mtoto wa fundi magari, shati limekunjwa mikono. Alikuwa anasema anataka kutengeneza gari la umeme ambalo mtu wa kawaida ataweza kulinunua, hapa hapa Uingereza, na akasema mtoto anayekaa kando ya barabara kubwa ana haki ya kupumua sawa na mtoto anayekaa shamba. Uliponitazama macho yalikuwa yanang'aa. "Baba, ananisema mimi," ukaniambia. Ulisema kwa Kiingereza, kama kawaida yako, nami nikakujibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu: "Naam, anakusema wewe."

Tukaenda kuliangalia gari lenyewe kwenye jengo la maduka. Lilikuwa moja tu, jeupe, limezungushiwa kamba, na kijana anayelilinda akakuruhusu ukae kwenye usukani. Mie nilisimama nje ya kamba na mifuko ya soko. Sikukuambia siku ile, lakini niliporudi nyumbani nilimwambia mamaako kwamba nimemuona Sabra akiwa mtu mzima.

Hisa za kwanza tulizinunua pamoja kwenye meza ya jikoni. Nilikwisha kumuuliza sheikh kama inafaa, naye akaniambia kampuni inayotengeneza kitu chenye manufaa hana neno nayo. Sijapata kununua kitu nisichoweza kukishika. Ukasema, "Bismillah, Baba, bonyeza." Nikabonyeza. Skrini ikaandika asante, tukatazamana tukacheka kama wezi.

Walivyotucheka sisi, hilo nalo unalijua. Mzee Jayanti, mwenye duka Kenton ninakonunua unga na viungo, mzaliwa wa Kisumu, alinishika mkono juu ya kaunta akasema, "Rafiki yangu, mimi betri ya tochi tu inanisumbua. Wewe sasa unataka kupanda betri mpaka Birmingham?" Msikitini wakanibandika jina, Babu Umeme. Magazeti yalikuwa yanaandika kwamba kiwanda hakitoi magari, kwamba gari moja limeshika moto barabarani, kwamba yule bwana ni muongo na kampuni itazikwa kabla ya mwaka kwisha. Hisa zikaporomoka. Mamaako akawa hapiki, anaweka sufuria tu juu ya meza kwa kishindo. Wewe ndiye uliyekuwa unanituliza. "Wanamcheka kwa sababu hawajaliona," ulikuwa unasema.

Na lilikuja. Nililinunua kwa ajili ya teksi, na asubuhi ya kwanza nililiwasha pale pale chini ya dirisha lenu. Hakuna aliyesikia. Ulishuka na nguo za kulalia, umevaa makubadhi ya mamaako, ukaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayemsalimia ng'ombe asiyemjua.

"Limewaka?"

"Limewaka."

"Mbona kimya?"

Ukavuta pumzi kwa nguvu, makusudi, ili nikuone. Sina siku ninayoipenda katika nchi hii kuliko ile.

Baadaye mambo yakatugeukia vizuri. Hisa zikapanda, zikapanda tena. Tukahama Neasden tukaja Harrow, kwenye nyumba yenye ngazi ya ndani. Wewe ukaingia kusomea uuguzi. Na mie nikawa mtu wa kuulizwa. Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wananizunguka, wale wale wa Babu Umeme: "Sheikh, tununue sasa au tusubiri?" Nikawa naweka mikono nyuma, natoa rai. Wengi walinunua kwa kauli yangu. Hata Mzee Jayanti akanunua, huku ananiambia nisimwambie mkewe. Nilikuwa sijapata kuwa mtu wa kusikilizwa, Sabra. Kule kwetu nilikuwa karani mdogo, na hapa nimekuwa kisogo ambacho abiria anakiona mbele yake. Kusikilizwa kulinilevya. Nakwambia hili si kwa kujitetea, ila ujue lilikoanzia.

Kisha yule bwana akaanza kusema mengine.

Mwanzo alikuwa analalamikia kodi, na nani asiyelalamikia kodi. Halafu akawa anazungumzia nchi yake inavyobadilika. Halafu akasema moja kwa moja, kwenye mahojiano yaliyosambaa kila mahali, kwamba wageni wanaoomba hifadhi wanaimaliza Uingereza, wanakula wasichokilima, na angekuwa na amri angewarudisha wote walikotoka. Watu wakaanza kuyachora rangi magari yake barabarani. Mie lilichorwa langu hapo Harrow, nikalifuta kwa kitambaa na maji ya moto, na niliyemkasirikia ni aliyechora.

Ulikuja nyumbani jioni ile ukaketi mbele yangu. "Baba, umemsikia?"

Nikasema, "Wale anaowasema ni wanaokuja kwa mashua. Si sisi."

"Wewe ulikuja vipi?"

Unakumbuka nilichokujibu? Mie nakikumbuka kila ninapoingia kwenye gari. Nilikwambia, "Mie nilikuja kwa ndege."

Nilikuja kwa ndege, ndiyo. Nilishuka Heathrow na begi moja na shati jepesi katikati ya baridi, nikamwambia ofisa wa kwanza niliyemkuta kwamba siwezi kurudi kwetu, naomba hifadhi. Wewe unaijua habari hiyo tangu utotoni, umeisikia kuliko hadithi yoyote. Ulinitazama tu, kisha ukaenda kumsaidia mamaako jikoni, nami nikafungua simu kuangalia hisa zimefikia wapi. Zilikuwa juu. Nikapata nafuu. Hiyo ndiyo nafuu niliyokuwa nayo, mwanangu: mtu ananitukana, nami naangalia ananilipa vipi.

Halafu ikaja habari ya yule mgonjwa. Ulitusimulia tukiwa mezani, ukila polepole, kama jambo lisilo na uzito. Mzee mmoja wodini kwako alikataa umpime presha. Aliuvuta mkono wake akauficha chini ya shuka, akakwambia kwamba mwenye magari amesema kweli, mnakuja kutumaliza. Mamaako akaweka kijiko chini. Ukasema ulimwita nesi mwengine, ukaenda kwa mgonjwa anayefuata, kazi ikaendelea.

Nikasema, "Mtu mgonjwa huyo. Maumivu yanasema."

Mamaako akanigeukia. "Maumivu yamejifunza wapi maneno hayo?"

Nikaomba maji.

Hukuniambia niuze. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote, kwamba hukuniomba kitu kigumu. Ulisema, "Baba, wewe una sehemu kwenye kampuni hii. Una haki ya kuingia mkutanoni ukamuuliza. Muulize tu. Mie nitakaa pembeni yako." Nikakubali, na kwa kweli nilikubali kwa moyo. Wiki nzima tulikuwa tunafanya mazoezi ndani ya gari, wewe ukinisomesha swali kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, kama mie nilivyokusomesha Alhamdu ulipokuwa huwezi kutamka ghaini. Nikikosea unasema "tena," nami narudia. Lilikuwa swali fupi. *Bwana, mie nilikuja nchi hii kuomba hifadhi. Fedha za jasho langu zimo ndani ya kiwanda chako, na binti yangu anauguza watu wako. Unaposema sisi tunaimaliza nchi, unanisema mie na yeye?* Basi. Ulisema lisiwe refu ili lisinipotee.

Siku ya mkutano mamaako alinipigia pasi suti mwenyewe. Tulipanda treni, ukawa unanirekebisha tai. Ukumbi ulikuwa ule mkubwa kule mashariki karibu na mto, mazulia mazito, taa kali jukwaani, kahawa ya bure mlangoni. Tulikaa safu ya kati. Yule bwana akaingia, watu wakapiga makofi, nami nikajikuta napiga. Alizungumza vizuri. Alisema kuhusu mapafu ya watoto, maneno yale yale ya zamani, na nikakuona umeinamisha kichwa.

Wakafungua maswali. Nikanyoosha mkono. Msichana akaja na kipaza sauti, nikasimama, na watu wote wale wakageuka. Yule bwana jukwaani akasema, "Naam, bwana." Alikuwa anatabasamu.

Swali lilikuwepo, Sabra. Usidhani nilisahau. Lilikuwa mdomoni lote, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Lakini nilimuona anavyonitazama kwa uso mwema, nikaona zile sura zote zinasubiri kuona huyu mzee mweusi mwenye suti atasema nini, nikawa kama siku niliposimama mbele ya yule ofisa Heathrow. Nikataka wanipende. Nikasema kwa Kiingereza, "Bwana, nataka kukushukuru kwa gari lako. Ni gari zuri sana."

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. "Mahali pazuri!" akasema, kisha akawageukia watu, akafungua mikono. "Mnaona? Magazeti yanasema nawachukia wageni. Huyu bwana alikuja kufanya kazi. Wangekuwa wote kama yeye, nisingekuwa na la kusema!" Makofi yakavuma. Na mie nikacheka. Akaniita jukwaani, nikaenda, nikapita mbele ya magoti yako kwenda. Akanipa mkono, nikaupokea kwa mikono yangu miwili, tunavyopokea sisi mkono wa mtu tunayemheshimu. Mpiga picha akaniambia ninyooshe dole gumba, nikalinyoosha.

Nilipogeuka kuja kwenye kiti nilikuona. Ulikuwa umekaa, mikono imelala juu ya mapaja, hujalia, hujakasirika. Ulikuwa unanitazama kama unavyomtazama mgonjwa ambaye vipimo vyake vimerudi.

Tulipanda treni kurudi. Wembley Park ukasimama, na si kituo chetu. Nikakuuliza unakwenda wapi.

"Ulicheka, Baba," ukasema. Mara hii kwa Kiswahili. Ukashuka.

Siku ya pili video ilikuwa kila mahali. Wenyewe kampuni waliitoa, wakaiandikia maneno ya sifa. Nikaanza kupokea simu. Ijumaa msikitini walinishika mabega: "Umetutoa kimasomaso! Mzungu kakupa mkono mbele ya dunia!" Mmoja alisema sasa watajua kuwa sisi si kama wale wengine. Nikatabasamu, Sabra. Hata pale nilitabasamu, kwa sababu uso ulikwisha kuzoea. Na wakati ule ule, nimekuja kujua kwa mamaako, wewe ulikuwa wodini, mwenzako anakuonyesha simu anakuuliza, "Huyu si babaako?" Nawe ukasema ndiye. Mamaako anasema hukukana. Ulisema, "Ndiye," ukaendelea na dawa zako.

Mwezi haukwisha ukapata kazi Leeds. Uliniaga kwa adabu zote, ukanibusu mkono. Ningependa zaidi ungenipigia kelele.

Aliyenisema wazi ni Mzee Jayanti, na yeye hakunisema kwa maneno mengi. Nilikwenda kununua pilipili manga. Akanipimia, akafunga mfuko, kisha akasema, "Ile siku ya kwanza mimi nikikuja hii nchi, kulikuwa na mtu anaongea hivyo hivyo. Sura ingine, maneno ni yale. Baba yangu alikuwa anafunga duka mapema, anatuambia tusisimame kwa dirisha." Akanirejeshea chenji. "Sikujua iko siku mimi nitakuwa na hisa kwake." Alikuwa amekwisha kuuza zake. Hakuniambia niuze zangu.

Niliuza. Nilidhani nikiuza nitasikia kitu kimeniondoka, kama mtu aliyeoga. Sikusikia kitu. Hisa hazikuwa ndizo zilizocheka.

Nikangoja Ijumaa, na baada ya sala, waliponizunguka tena kuuliza za soko, nikawaambia. Niliwaambia nilikwenda kule kuuliza swali, binti yangu alinifundisha, na nilipofika nikaogopa. Nikawaambia mie ni mmoja wa wale wanaosemwa, na nusu yenu hapa mmo humo humo, kwa karatasi zile zile za hifadhi. Wengine walitazama chini. Mmoja akaniambia, "Yaliyopita yamepita, sheikh, usijitie unyonge." Mwengine akaondoka bila kuaga, na mpaka leo ananipita. Nimerudi kuwa mtu asiyeulizwa. Ni sawa.

Hisa moja nilibakisha. Mamaako alinicheka alipojua, alidhani tamaa. Sikuwa na njia nyengine ya kuingia mlangoni.

Mwaka huu nikaenda tena, peke yangu. Ukumbi ule ule. Nikanyoosha mkono, nikasubiri sana, wakaniletea kipaza sauti karibu na mwisho. Nikaliuliza. Halikutoka kama ulivyonifundisha, Sabra. Sauti ilikatika katikati, nikarudia sentensi moja mara mbili, na mtu nyuma yangu akasema kaa chini. Lakini nililimaliza lote.

Alinitazama, na hakunikumbuka. Mkono wangu ameushika, sura yangu ameisambaza duniani, na hakunikumbuka hata kidogo. Akasema, "Asante kwa maoni yako. Swali jengine?" Yule msichana akachukua kipaza sauti. Basi. Hakuna aliyerikodi. Hakuna picha.

Nilitoka nje nikatafuta benchi, na jambo la kwanza nililotaka ni kukupigia. Namba yako ilikuwa tayari kwenye kioo. Kisha nikajiuliza nakupigia ili iwe nini. Ili uniambie vizuri, Baba? Nilipouliza mwaka huu sikuwa na cha kupoteza. Fedha nilikwisha kuzitoa, sifa zilikwisha kwenda. Siku uliyotaka niulize ndipo swali lilipokuwa na thamani, na siku hiyo ulikuwa umekaa pembeni yangu. Hiyo haitarudi, na sitajifanya kuwa nimeirejesha. Nikaifunga simu.

Gari bado ninalo, sitakuficha. Nafanyia kazi. Abiria mmoja juzi, binti wa umri wako amevaa mtandio, aliingia akaiona alama ya kampuni kwenye usukani, akanyamaza njia nzima. Zamani ningemueleza jinsi betri inavyofanya kazi. Safari hii nilipomfikisha nilimwambia tu kwa Kiingereza, samahani kwa gari. Akaniangalia kupitia kioo. Akasema, "Si kosa lako." Nilitaka kumwambia kuwa hajui, lakini foleni ilikuwa inapiga honi nyuma.

Sabra, mie naona haya. Nimeitafuta njia ya kulisema hili kwa urefu na nimeona halina urefu. Naona haya kwamba uliniamini nikakuacha kitini, nikapita mbele ya magoti yako kwenda kumpa mkono mtu aliyekutukana. Naona haya kwamba mzee mgonjwa aliyeuficha mkono wake chini ya shuka alikuwa mkweli kuliko mie. Yeye alikuonyesha anachokifikiri. Sikuombi uniambie imekwisha. Ikikwisha utajua wewe kabla yangu.

Jumapili tunakuja Leeds, mamaako na mie. Amekupikia vileja na amekununulia shuka za joto, na anasema atakaa mpaka alasiri. Yeye atapanda juu. Mie nitabaki chini kwenye gari. Nina juzuu yangu na chupa ya chai, na sina haraka. Sitapiga honi, wala sitakutumia ujumbe. Ukishuka, utanikuta. Usiposhuka, nitamsubiri mamaako amalize, tutarudi London, na mwezi unaofuata nitamleta tena.

Mungu akulinde huko uliko, na awalinde unaowauguza, wote, hata yule.

Babaako